Pesa za Nasari Ziko Ukurasa Gani?



Katika somo hili tutazungumza juu ya nasari zetu, na hasa juu ya pesa ambazo serikali ya kaunti hutenga kwa ajili ya hao wadogo. Mwenye kusoma asome polepole na kwa sauti, ili hata wale ambao macho yamechoka wafuate. Kama kuna mwanachama aliye na mtoto au mjukuu wa miaka minne au mitano, huyo akae mbele.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Kwa miaka mingi nasari yetu ilikuwa katika chumba cha nyuma cha kanisa. Watoto walikalia mabenchi ya watu wazima, miguu ikining'inia. Mwalimu tulimlipa sisi wazazi, mwezi huu kwa pesa, mwezi ule kwa debe la mahindi. Mwaka wa 2016 kaunti ikatujengea darasa la mawe, mabati mapya, sakafu ya simiti, hata choo kidogo cha kimo cha watoto. Siku ya kukabidhiwa ufunguo akina mama walicheza mpaka jioni. Basi ikapita miezi minane bila mwalimu wa kaunti. Yule mwalimu wetu wa zamani akaendelea peke yake na watoto zaidi ya sitini, maana darasa zuri liliwavuta watoto wa vijiji vya jirani, na debe la mahindi likabaki lile lile. Kitabu cha hadithi hakikuwemo hata kimoja.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, tulikwenda kwa mkutano wa bajeti tukiwa watu ishirini. Tukasema yetu yote. Ofisa mmoja alitusikiliza kwa heshima, kisha akatuambia kwamba hesabu zimeshafungwa. Tukauliza: mbona pesa za mwalimu hazikuwekwa pamoja na za darasa? Akajibu kwamba hizo hazikai ukurasa mmoja. Kumbe tulikuwa hatujui hata tunachouliza.

NI KAZI YA NANI?

Baada ya uhuru wa 1963 nasari nyingi za vijijini zilijengwa kwa harambee, na mwalimu alikuwa mzigo wa wazazi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka wa 2003, nasari ziliachwa nje. Wazazi wengine wakaona heri mtoto akae nyumbani angoje darasa la kwanza lisilo na karo. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Katika Jedwali la Nne, elimu ya kabla ya shule ya msingi imewekwa mikononi mwa kaunti, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na mahali pa kutunzia watoto. Kaunti 47 zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kwa hiyo anayemwendea mbunge wa Nairobi kuomba mwalimu wa nasari anabisha nyumba isiyo yake. Mwendee MCA wako na ofisi ya elimu ya kaunti.

KURASA MBILI

Bajeti ya kaunti ina sehemu mbili. Moja ni ya maendeleo: hapo ndipo yalipo majengo, barabara, mabomba ya maji. Nyingine ni ya matumizi ya kawaida, na humo kuna mishahara, mafunzo, na kwa kawaida vitabu na chakula. Darasa linajengwa mara moja tu. Mwalimu hulipwa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo katika kipindi cha miaka kadhaa. Na kanuni za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Sasa mnaona kwa nini kujenga ni rahisi kuliko kuajiri. Tena, tuseme ukweli, ukutani waweza kuandika jina la aliyefungua. Juu ya mwalimu huwezi.

Hatusemi majengo ni mabaya. Mtoto anayenyeshewa hasomi. Lakini kikundi kikiomba darasa peke yake, kitapewa darasa peke yake.

Kati ya 2014 na 2018 kulikuwa na mpango ulioitwa Tayari katika kaunti za Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu. Huo haukuanza na mawe. Walimu walifunzwa, wakapewa vitabu vya kuwaongoza na vya watoto, na mkufunzi akawa anafika darasani, anakaa, anatazama, kisha anamsaidia mwalimu pale anapokwama. Hili la mkufunzi kufika darasani ndilo tunalolipenda zaidi, kwa sababu semina ya siku mbili hotelini husahaulika haraka. Juu ya chakula, kaunti ya Nairobi ilianza mpango wake mwaka wa 2023, mzazi akichangia shilingi 5 kwa sahani. Ombeni vitu vya namna hiyo kwa majina yake.

Na jamani, tusimlaumu mwalimu wa PP1 kwa sababu mtoto bado haandiki jina lake. Mtoto wa miaka minne anajiandaa kusoma kwa kusikia hadithi, kuimba, kutaja vitu kwa lugha ya nyumbani, kushika kitabu na kukifungua. Bibi mwenye hadithi nzuri anaweza kufika nasari kila Ijumaa. Vizibo vya soda vinafundisha kuhesabu. Hayo hayangoji bajeti.

TAREHE ZA KUSHIKA

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango hupangwa mapema sana. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha, inayoamua kila idara ipate kiasi gani, hufika tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe ni tarehe 30 Aprili, nayo hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Sisi tulikwenda Juni! Ukitaka mwalimu, sema kabla ya Septemba, rudi tena Januari.

Msiende na maneno matupu. Andikeni karatasi moja: jina la nasari, watoto wangapi wa PP1 na wangapi wa PP2, walimu wangapi na nani anawalipa, vitabu vingapi, na mnaomba nini. Wanachama watie sahihi au kidole. Fanyeni nakala mbili. Moja mpeleke kwa karani wa bunge la kaunti au msimamizi wa wodi, na ile ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, mrudi nayo nyumbani. Sisi hiyo yenye mhuri ndiyo iliyotusaidia mwaka wa 2019, tulipoambiwa kwamba hatujawahi kuomba. Mwalimu wa kaunti alifika muhula uliofuata. Wa pili bado tunamdai.

Kabla ya mkutano ujao, wanachama wawili waende nasari asubuhi wakahesabu watoto na vitabu, na mweka hazina aulize kwa ofisi ya wodi mkutano wa bajeti utakuwa siku gani.