Pikapu Ikitetemeka: Vidokezo 10 Kabla ya Kuilaumu Pampu

Pikapu nyingi zinazobeba mpunga kati ya Mlimba, Chita na Ifakara zimekula chumvi: Hilux za injini ya 2L na 3L, Land Cruiser za 1HZ, na chache za petroli ambazo wenyewe hawataki kuachana nazo. Uzee peke yake hauitetemeshi injini. Huwa kuna kitu kimoja kimechoka, na mara nyingi ni cha bei ndogo. Balaa ni pale kila mtetemo unapopewa hukumu ileile, "pampu imekufa", kabla hata boneti haijafunguliwa. Anza na vya bure, kisha panda taratibu kuelekea vya kutoboa mfuko.

1. Jiulize inatetemeka lini

Ikitetemeka ikiwa imesimama, kosa liko kwenye injini au kwenye mipira inayoishikilia (maunti). Ikitulia ikiwa imesimama lakini ikaanza kucheza ikishika mwendo, tazama chini: tairi, rimu, propela. Ikitetemeka wakati wa kuondoka tu, mshukiwa wa kwanza ni klachi. Angalia pia kama ni asubuhi tu au hata ikishapata moto, ikiwa tupu au ikiwa na magunia. Hapo hujashika spana bado, na nusu ya kazi imeshakwisha.

2. Ijaribu kwenye frii

Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka kisicho na watu wala ng'ombe. Fikia mwendo ule inaotetemeka, kanyaga klachi, toa gia, uiache itembee yenyewe. Usizime injini, maana utapoteza nguvu ya breki na usukani. Mtetemo ukiendelea vilevile, injini haina hatia. Ukikatika palepale, kidokezo cha tatu hakikuhusu. Nenda cha nne.

3. Osha kabla ya kufungua

Tope jeusi la bondeni likiingia ndani ya rimu wakati wa masika hukauka na kung'ang'ania. Bonge la upande mmoja tu linatosha kuharibu balansi ya tairi, na usukani utaanza kucheza mara tu ukishika lami upande wa Ifakara. Kwangua rimu zote kwa ndani, kisha osha na propela. Ukiwa chini huko, weka mawe kwenye tairi, toa gia, uzungushe propela kwa mkono huku na huku. Krosi ikicheza, umempata mkorofi.

4. Toa maji kwenye filta ya dizeli

Dizeli ya madumu huja na wageni, na mgeni mkuu ni maji. Chini ya filta kuna koki ndogo ya kutolea maji. Weka chupa tupu inayoonyesha ndani, legeza koki, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Iache chupa itulie kidogo: maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na utayaona wazi. Rudia mpaka itoke dizeli tupu. Ukikuta uchafu mwingi, badili filta, na siku nyingine chuja dizeli kabla ya kuimimina kwenye tangi.

5. Isake hewa

Kwenye Hilux za 2L na 3L, pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayojivutia dizeli kutoka kwenye tangi. Kwa hiyo mpira wenye ufa au klipu iliyolegea inaweza kuingiza hewa ndani bila kudondosha hata tone nje. Dalili zake ni injini kumisi, kutetemeka, na wakati mwingine kuzimika kilimani. Asubuhi kabla ya kuwasha, bonyeza pampu ya mkono. Ikiwa laini na ikahitaji kubonyezwa mara nyingi ndipo ikaze, huenda dizeli inarudi kwenye tangi usiku kwa sababu hewa inapata mwanya. Kaza klipu zote na ubadilishe mipira iliyopasuka. Ni kazi ya bei ya chai.

6. Ikitulia baada ya dakika moja, pima hita plagi

Injini inayotetemeka na kutoa moshi mweupe asubuhi, kisha ikatulia yenyewe, mara nyingi ina hita plagi moja au mbili zilizokufa. Fungua waya unaoziunganisha. Chukua taa ndogo ya kupimia, upande mmoja uguse chanya ya betri, wa pili uguse kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa ni nzima, isiyowasha badilisha.

7. Soma moshi

Moshi mweusi huku gari halina nguvu: anza na filta ya hewa. Gari linaloegeshwa kwenye mashine za kukoboa mpunga huvuta vumbi na pumba kuliko unavyodhani, hivyo msimu wa mavuno ikague kila wiki. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa ya moto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, ni dalili ya hedi gasketi. Hapo usiendelee na safari.

8. Mtafute silinda mvivu

Washa injini, usikanyage mafuta. Vaa miwani, funika nati ya bomba la nozeli kwa kitambaa, ilegeze kidogo kwa spana, sikiliza, kisha ikaze. Fanya hivyo nati moja baada ya nyingine. Mlio ukibadilika na mtetemo ukaongezeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Pasipobadilika chochote, ndiyo iliyolala. Usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka, kwani mgandamizo wake unaweza kupenya ngozi.

Ukishaijua, badilishanisha nozeli yake na ya jirani, ukiweka washa mpya. Ugonjwa ukihama, nozeli ni mbovu. Ukibaki palepale, tazama valvu na kompresheni. Kwenye petroli, chomoa waya za plagi moja moja kwa koleo lenye mpira. Kama umetoka kuvuka maji, fungua kifuniko cha distributa na ukikaushe kwanza.

9. Kagua maunti, kisha klachi

Dereva akanyage breki, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo sana. Wewe simama pembeni, kamwe si mbele. Injini ikiruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, mipira yake imekatika. Oili na dizeli inayovuja huilainisha mipira hiyo, kwa hiyo ziba mvujo kabla ya kuweka mipya. Mipira ikiwa mizima na gari bado linatetemeka wakati wa kuondoka, huenda oili sili ya nyuma inavuja na kulowesha diski ya klachi. Mwambie fundi abadili vyote viwili kwa pamoja, maana gia boksi ikishashushwa, kuishusha tena ni kulipa mara mbili.

10. Mpe fundi maelezo, hukumu mwachie

Mwambie: "Inatetemeka ikiwa imesimama, hata ya moto, na nati ya silinda ya tatu haibadilishi kitu." Akisema ni pampu, mwombe nozeli zipimwe kwanza kwenye mashine. Ukiagiza spea, tuma jina la injini na picha ya ile ya zamani, ili isije ya 3L kwenye 2L. Na barabara ikiwa mbaya, uliza kama spea inaweza kuja kwa treni, maana reli ya TAZARA ina stesheni Chita.

Mambo matatu hayangoji fundi: taa ya oili ikiwaka, chuma kikigonga ndani ya injini, au joto likipanda. Zima palepale. Kukodi gari la kuhamishia magunia ni ghali, lakini krankishafti ni ghali zaidi.