Panga Lifungue, Mbuzi Walinde: Kudhibiti Vichaka Ngara na Biharamulo

Kwa nini kichaka hurudi

Kichaka kilichofyekwa kwa panga mwaka huu hukutwa mwaka ujao kimechipua upya, mara nyingi mashina manne pale palipokuwa na moja. Sababu iko ardhini. Mti huweka akiba ya chakula mizizini. Ukikatwa, huitumia akiba hiyo kutoa machipukizi, kisha majani mapya huijaza tena. Moto nao huunguza sehemu ya juu tu, huku ukiteketeza malisho na kuiacha miteremko ya Ngara wazi kwa mvua ya kwanza. Kinachokichosha kichaka ni kunyang'anywa majani kila yanapotokea, hadi akiba ya mizizi iishe. Kurudiarudia huko humshinda mwenye panga, kwa kuwa msimu wa kupanda humwita kwingine. Ndiyo kazi anayoiweza mbuzi. Kwa hiyo kijitabu hiki kinasema jambo moja: panga lifungue kichaka, mbuzi wakizuie kurudi.

Ushahidi tulio nao

Ng'ombe hutegemea nyasi zaidi. Akilishwa peke yake kwa wingi, nyasi hudhoofika na miti hupata nafasi. Mbuzi hupenda majani na machipukizi, huyachuma kati ya miiba kwa midomo yake myepesi, na husimama kwa miguu ya nyuma kufikia matawi. Mwaka 1942 Staples na wenzake walichapisha utafiti wa Mpwapwa uliolinganisha mbuzi na ng'ombe kwenye malisho ya nyasi na vichaka, na mbuzi ndio walioonekana kukizuia kichaka. Historia ya magharibi mwa nchi yetu inafundisha hilo hilo kwa uchungu. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza mifugo, njaa na maradhi yakapunguza watu, na pori likasogea pamoja na ndorobo, nzi anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Mtafiti John Ford, katika kitabu chake cha 1971, alieleza kwamba makazi, kilimo na mifugo ndivyo vilivyokuwa vikilizuia pori hilo. Vilipopungua, zuio likaondoka.

Kujibu wasiwasi

Wapo wanaosema mbuzi huleta jangwa. Wana haki ya kuhofu, maana mbuzi walioachwa mahali pamoja mwaka mzima hubandua magome na kumaliza hata miche ya miti tunayoitaka. Lakini kosa hilo ni la muda na idadi. Mbuzi wa kienyeji mwenye kilo 25 hula takriban kilo moja ya chakula kikavu kwa siku; wachache wakiwekwa kwenye kipande kidogo huyamaliza majani upesi, na hapo wahamishwe ili nyasi zipumzike. Warudishwe machipukizi yanapofika magotini, yakiwa bado laini. Miti ya kivuli na matunda izungushiwe miiba.

Wengine huhofia mibuni na migomba ya kibanja. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo mbuzi wasiachiwe bila mchungaji, uzio au kamba. Anayetumia kamba aihamishe mara kwa mara, awape maji na kivuli, na asiwafunge penye visiki virefu vinavyoweza kuwanasa. Tusitarajie pia kwamba mbuzi watamaliza ndorobo: wao wenyewe huweza kuugua nagana, kwa hiyo wanaolishwa kando ya pori wapelekwe kwa mtaalamu wa mifugo mara wanapokonda au kudhoofika. Lantana, yenye vishada vya maua madogo ya rangi mchanganyiko, ina sumu kwa mifugo; ing'olewe kwa mkono kwanza. Tena, hoja hii ni ya mashamba na malisho ya kijiji. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, si mahali pa kulisha mifugo, na pori lake lina kazi yake.

Anzeni na kipande kimoja kilicho karibu na zizi. Kifyekeni, hesabuni machipukizi ya visiki kumi, rudisheni mbuzi kila yanapoota, kisha hesabuni tena msimu kwa msimu. Kisiki kisichochipua tena ndicho kitakachowaambia kama mbuzi wameifanya kazi, na ndicho cha kuwaonyesha majirani kabla ya kupanua eneo.