SOMO LA NYUMBANI: Ziba Mwanya Kwanza, Sumu Iwe ya Mwisho

Msimu wa mavuno ukifika Trans Nzoia, kuanzia Oktoba, chumba kimoja hubeba mzigo wa nyumba nzima. Katika maboma mengi ya Wadi ya Tuwan, mahali palipojengwa kuegesha gari au pikipiki ndipo pia stoo ya magunia ya mahindi, makaa, mbolea na jembe. Kwa panya na wadudu, chumba hicho kina chakula, giza na pa kujificha.

Wakazi wengi wanapoona panya hukimbilia sumu. Sumu huua panya walioko leo. Mwanya na chakula vikibaki, wengine huingia. Panya jike hubeba mimba kwa takriban wiki 3 tu, kwa hivyo wachache waliosalia hujaza chumba tena upesi.

Hasara si mahindi peke yake

Meno ya panya hayaachi kukua, ndiyo maana hutafuna kila kitu: magunia, mbao, nyaya za gari na za stima. Waya uliochunwa unaweza kuwasha moto, hasa penye petroli.

Panya pia hueneza magonjwa. Mwaka 2022, jirani zetu wa Tanzania walikumbwa na mlipuko wa homa ya mgunda katika Mkoa wa Lindi, na watu 3 wakafariki. Bakteria wa ugonjwa huo hupatikana katika mkojo wa wanyama, panya wakiwemo.

Hatua ya 1: Kagua

Zima taa mchana, funga mlango, kisha tazama mwanga unapenya wapi. Angalia chini ya mlango, mabati yanapokutana na ukuta, na bomba au waya unapopita. Panya mdogo hupita kwenye tundu linaloingia penseli, na panya mkubwa hupita palipo na nafasi ya kidole gumba. Kinyesi na alama za mafuta ukutani huonyesha njia yao.

Hatua ya 2: Ziba

Usizibe kwa matambara, karatasi wala mbao laini, vitatafunwa. Shindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya tundu, kisha piga simiti. Kwenye madirisha ya hewa weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Pigilia ukanda wa bati chini ya mlango wa mbao ili nafasi inayobaki iwe ndogo kuliko unene wa penseli.

Hatua ya 3: Safisha na uinue

Usifagie kinyesi cha panya kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake huvutwa puani. Fungua mlango hewa iingie, vaa glavu, nyunyizia maji yenye dawa ya klorini (sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji), ngoja dakika 5, kisha pangusa.

Panga magunia juu ya mbao, yakiwa nusu mita kutoka ukutani, ili uweze kupita nyuma yake na kuona. Chakula cha kuku na cha mbwa kikae kwenye pipa lenye kifuniko. Kwa walio na ghala la nje lenye miguu, miguu iwe na urefu wa mita 1 na ivishwe bati lenye umbo la faneli.

Hatua ya 4: Mahindi yawe makavu

Fukusi na dumuzi, anayeitwa pia "osama", mara nyingi huingia stoo ndani ya mahindi yenyewe. Dumuzi alitoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hutoboa hata mbao. Ondoa mahindi ya zamani kabla ya kuingiza mapya, na chovya magunia yaliyotumika katika maji yanayochemka, kisha yaanike juani.

Mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kupima nyumbani, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Mahindi mabichi huota kuvu wenye sumu ya aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu bila dawa, kwa sababu hukosa hewa. Lakini panya akiitoboa imekwisha kazi. Kwa hivyo Hatua ya 2 haikwepeki.

Hatua ya 5: Sumu, ikibidi

Anza na mitego, ukiitega kando ya ukuta. Ukinunua sumu, hakikisha pakiti ina lebo na nambari ya usajili ya Bodi ya PCPB. Sumu ya kupimwa kwenye karatasi sokoni isiguswe. Iweke ndani ya kisanduku ambacho mtoto, kuku au paka hawezi kufikia, na kamwe isikae na chakula. Panya aliyekufa azikwe, bila kushikwa kwa mikono mitupu.

Vidonge vya kufukiza nafaka visitumiwe katika chumba kilichoshikana na pa kulala. Hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya nyufa na kuua watu usingizini. Katika nyumba za kupanga za Tuwan, ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, hatari hiyo ni ya jirani pia.

Mtu akimeza sumu, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na pakiti ya sumu.

Fanyeni pamoja

Panya hajui mpaka wa ploti. Majirani wanaotumia paa moja wachague siku moja ya kuziba, kusafisha na kuondoa taka. Afisa wa afya ya umma na afisa wa kilimo wa wadi wanaweza kuulizwa ushauri.

Jipime kila mwezi

• Je, mwanga unapenya chini ya mlango?
• Je, unaweza kupita nyuma ya magunia?
• Je, kuna kinyesi kipya au unga chini ya gunia?
• Je, sumu na mbolea ziko mbali na chakula?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyuzi za chuma na simiti kidogo ni nafuu kuliko gunia moja la mahindi.