Kuja Shule kwa Baiskeli: Somo la Lami na la Vichochoro

Waswahili husema ajali haina kinga. Sitaki kubishana na wahenga, lakini baada ya miaka mitatu ya kuendesha baiskeli kutoka Kawangware hadi hapa shuleni, nimeona kwamba mwendeshaji ana kinga moja kubwa, nayo si helmeti peke yake. Ni kuonekana na kueleweka. Dereva akikuona mapema na akajua unaelekea wapi, mara nyingi atakupisha hata kama ana haraka zake. Asipokuona, au akikuona lakini asijue utafanya nini, hapo ndipo mambo huharibika. Mengine yote nitakayosema katika makala haya ni matawi ya jambo hilo moja.

Nina sababu ya kuandika mwaka huu. Niko kidato cha nne, na mwakani baiskeli yangu itarithiwa na dada yangu mdogo ambaye anatarajia kujiunga na shule hii. Mama amekubali shingo upande. Nauli ya matatu kwenda na kurudi ni pesa nyingi nyumbani kwetu, tena mvua ikinyesha hupanda ghafla, wakati mwingine mara mbili. Hata hivyo mama huniambia, "Nauli inatafutwa, mtoto hatafutwi." Nimemwahidi kwamba nitamfundisha huyu mdogo wangu yote ninayoyajua kabla sijaondoka. Nikaona nikiyaandika, wenzetu wengine wanaotoka Riruta, Satellite na Kangemi watayapata pia.

Kwanza fahamuni nchi ilivyolala. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya jiji ni kama mita 1,660. Kwa hivyo asubuhi sisi tunateremka na jioni tunapanda. Wengi hulalamikia kupanda kwa sababu ya jasho, lakini jasho halijamvunja mtu mguu. Hatari iko asubuhi, baiskeli inapojiendea yenyewe nawe umechelewa gwaride.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya lami: Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, halafu Ngong Road kupitia Adams Arcade. Ya pili naiita njia ya ndani: vijia vya udongo nyuma ya nyumba za Kawangware, kisha Gitanga Road kupitia Lavington hadi Valley Arcade, na kutoka hapo barabara ndogo ndogo za Kilimani. Ya ndani ni ndefu kidogo na ina kona nyingi.

Tuanze na lami, maana ndiko kwenye somo kubwa. Mwendeshaji mgeni hung'ang'ania ukingo kabisa wa barabara akidhani ndiko salama. Mimi siafiki. Ukingoni ndiko kuna vigae vya chupa, mchanga uliosombwa na mvua, mashimo, na mitaro ambayo vifuniko vyake vilishang'olewa vikauzwa kama vyuma vikuukuu. Ukiviona hivyo vyote unakwepa ghafla kuelekea kulia, na dereva aliye nyuma yako hakulitarajia hilo. Lakini ukikaa kama mita moja kutoka ukingoni, unakwenda moja kwa moja bila kuyumbayumba, unabaki na nafasi ya kukwepea upande wa kushoto, na dereva anakuhesabu kuwa nawe ni chombo cha barabarani. Simaanishi ujitandaze katikati ya barabara kama bwana harusi. Mita moja tu, na mstari ulionyooka.

Kabla ya kuhama mstari huo ni lazima utazame nyuma, kisha utoe mkono. Kutazama nyuma bila kupinda usukani si jambo jepesi. Ukigeuza shingo, mikono nayo hufuata. Tulijifunza hivi na jamaa mmoja uwanjani: yeye anasimama nyuma ananyoosha vidole, wewe unaendesha juu ya mstari wa chokaa, unageuka, unamwambia ni vidole vingapi, na gurudumu lisitoke kwenye chokaa. Dada yangu alianza juzi. Vidole anavitaja sawasawa, ila chokaa bado.

Ngong Road ilipopanuliwa iliwekewa njia ya waendao kwa miguu na baiskeli kando ya barabara. Ni jambo jema, na anayeipata aitumie. Lakini msiingie humo mkasinzia. Humo utawakuta akina mama wa mahindi ya kuchoma, magari yaliyoegeshwa, na pikipiki za bodaboda zikija kwa upande usio wao. (Ajabu ni kwamba neno bodaboda lenyewe lilizaliwa na baiskeli, kule mpakani Busia, zilipokuwa zikivusha abiria kati ya Kenya na Uganda tangu miaka ya 1960. Leo mjukuu anamfukuza babu njiani.) Zaidi ya hayo, njia hiyo hukatika kila penye mlango wa kituo cha petroli au njia ya kuingilia mtaani. Dereva anayekata kushoto kuingia petroli anatazama pampu, hakutazami wewe. Kila penye mlango kama huo punguza mwendo, vidole viwe tayari juu ya breki.

Sasa matatu. Nchini mwetu magari hupita kushoto, na mlango wa matatu uko ubavu wa kushoto, upande ule ule tunaopenda kupenya. Matatu ikisimama, abiria hushuka bila kutazama, na makanga huruka kabla gari halijatulia. Sheria yangu ni moja: sipiti kamwe kati ya matatu na ukingo wa barabara. Ama nangoja nyuma yake, ama natazama nyuma, natoa mkono na kupita kulia nikiacha nafasi ya kutosha. Ukiwa makini utaijua matatu inayotaka kusimama hata kabla ya taa zake kuwaka. Makanga ananing'inia mlangoni akikodolea macho ukingo wa barabara, anapiga bati mara mbili, na mbele kuna mtu amesimama na mzigo. Soma dalili hizo kama unavyosoma ufahamu wa Karatasi ya Pili.

Lori ni jambo jingine kabisa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Lori refu linapokata kona kwenda kushoto, magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hujivuta ndani, karibu na ukingo. Mahali palipokuwa na nafasi ya baiskeli wakati kona inaanza, hapana nafasi tena kona inapokwisha. Na dereva aliye juu kule hakuoni ukiwa ubavuni mwake kushoto. Basi lori likiwa limesimama penye taa au foleni, usijipenyeze kando yake hata kama pana uwazi wa kupita ng'ombe. Kaa nyuma yake. Utakula moshi, ndiyo, lakini utafika.

Kwenye mizunguko mikubwa, kama ule wa City Mortuary, mimi hushuka nikasukuma nikivuka pamoja na wanaokwenda kwa miguu. Wako wanaonicheka. Siwajibu.

Kuna jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nililigundua mwenyewe. Asubuhi tunaelekea upande wa mashariki. Kwa kuwa jiji letu liko karibu sana na ikweta, jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima: kama saa kumi na mbili na dakika kumi mwanzoni mwa Novemba, na kama saa kumi na mbili na dakika arubaini mwezi wa Februari. Likishatoka huwa chini chini, usoni mwetu. Sisi tukikunja macho twadhani shida ni yetu pekee. Kumbe dereva aliye nyuma naye ana jua lile lile usoni, na baiskeli iliyo mbele yake ni kivuli tu. Jioni tukirudi magharibi mambo ni yale yale. Sweta yetu ya shule ni ya rangi nzito, haimsaidii mtu. Mimi hufunga mkanda wa kung'aa mabegani juu ya begi, na taa nyekundu ya nyuma huiwasha hata mchana wakati jua liko chini.

Hebu tuhesabu kidogo, walimu wa Fizikia watuwie radhi. Ukiwa na mwendo wa kilomita 25 kwa saa unakwenda karibu mita saba kila sekunde. Kutoka jicho lione hadi mkono ubane breki, sekunde moja yaweza kupita, kwa hivyo mita saba zimekwisha bure. Breki nzuri kwenye lami kavu zahitaji mita nyingine kama sita kuisimamisha baiskeli. Jumla mita 13, urefu wa matatu mbili ndogo na zaidi. Ukipunguza mwendo kwa nusu, zile mita za kwanza hupungua kwa nusu, lakini zile za breki hupungua hadi robo. Jumla inakuwa mita tano tu. Ndiyo maana penye msongamano napenda mwendo wa kuweza kusalimiana na watu.

Hesabu hiyo ni ya siku kavu. Baiskeli yangu ni ile nyeusi nzito ambayo watu huiita Black Mamba, yenye breki za vyuma vya kusukumana na rimu za chuma. Rimu za chuma zikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake kama mlenda. Dawa yake ni kubana breki kidogo kidogo mapema kabla ya mahali pa kusimama, ili mpira ufute maji kwanza, halafu ndipo ubane kwa nguvu. Jueni pia ni mkono upi unaoshika gurudumu la mbele, kwa sababu baiskeli hazifanani. Kwenye lami, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, maana uzito wote hukimbilia mbele unapopunguza mwendo. Kwenye kokoto na matope breki hiyo hiyo hukuangusha kifudifudi; huko tegemea ya nyuma.

Hapo tumeshafika kwenye njia ya ndani. Njia hii ni tamu. Kuna kivuli cha miti, ndege wanaimba, na magari ni machache. Lakini ina adabu yake. Kijia ni cha mwenda kwa miguu kwanza. Wewe ni mgeni. Piga kengele ukiwa mbali, si mgongoni mwa mama aliyebeba mtungi, maana atashtuka aruke upande ule ule unaotaka kupita. Kwenye kona zenye ua wa michongoma huoni kinachokuja, na kinachokuja huwa ni mkokoteni wa maji. Mbwa wa Lavington wana mishahara kuliko watu wengine, nao huchukia kitu kinachozunguka: ukishuka ukatembea, ukiiweka baiskeli kati yako na yeye, wengi hunyamaza.

Udongo wetu wa upande huu ni mwekundu. Mvua za masika kati ya Machi na Mei, na zile za vuli kuanzia Oktoba, huugeuza kuwa utelezi, halafu hujaa kati ya tairi na bati la matope mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Mimi hubeba kijiti cha kuukwangua. Wenzetu wanaoishi upande wa mashariki wa jiji, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, wana taabu zaidi. Ule ukishika haubanduki, heri ubebe baiskeli begani.

Kwa wasichana kuna jambo la sketi, ambalo wavulana tunaoandika makala huwa tunalisahau. Dada yangu amelazimika kunikumbusha. Sketi ya shule hunaswa na mnyororo au spoki za nyuma, na ikinaswa inakutupa papo hapo. Fundi wetu wa Kawangware ametengeneza kifuniko cha mnyororo kwa kipande cha debe, na dada anavaa bukta ndefu ndani ili aweze kuikunja na kuifunga sketi kwa klipu ya nguo. Tumeshusha kiti pia, miguu yake ifike chini akisimama.

Sasa, njia ipi siku ipi? Siku kavu yenye mwanga, yeyote kati ya hizo mbili. Mvua ikiwa imenyesha usiku lakini kumepambazuka vizuri, lami. Jioni giza likianza kuingia, sipiti vijia vya nyuma nikiwa peke yangu. Tunangojana langoni tukiwa watatu au wanne, tunafuatana kwa mstari mmoja, mwenye taa kali nyuma kabisa. Na asubuhi ambayo mvua inanyesha na kiza hakijatoka, baiskeli inalala nyumbani. Mama ameshaanza kuweka nauli ya siku kama hizo ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati, na dada ameonyeshwa lilipo.