Somo la Kikundi: Kijana Aandike kwa Sauti Yake

Ndugu wanakikundi, hebu mwombeni kijana wa miaka 14 au 15 hapa Muhuru Bay awaandikie ukurasa mmoja tu kuhusu asubuhi ya jana. Wengi wataanza hivi: jogoo aliwika, jua likachomoza kwa madaha, ndege wakaimba matawini, naye akaruka kutoka kitandani kama umeme. Kiswahili chake ni kizuri. Lakini asubuhi hiyo si ya Muhuru. Hapa mashua za omena hurudi ufuoni alfajiri, akina mama wanangoja na beseni zao, wengine wanatandaza nyavu kuukuu chini ili waanike. Labda kijana mwenyewe alikuwa pale akisaidia kabla ya kwenda shule. Hayo yote hayamo kwenye karatasi yake.

Tusimlaumu kijana, wala tusimlaumu mwalimu. Kwa miaka mingi, mpaka KCPE ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alipewa dakika 40 za kuandika insha ya Kiswahili. Mwalimu mwenye darasa lililojaa alimsaidia kwa njia iliyokuwepo, yaani kumkaririsha methali na maneno ya kupamba. Njia hiyo ilileta maksi. Mtihani ule umekwisha, mazoea bado yapo. Kijana amejifunza kwamba kuandika ni kuazima maneno ya watu wengine, na tena kwamba maisha ya ufuoni hayafai kuandikwa. Hili la pili ndilo baya zaidi, na kikundi cha wazazi kinaweza kulitibu kuliko darasa.

Sauti ya kijana ni nini basi? Ni yale anayoyaona yeye, yakisemwa jinsi angemwambia rafiki yake. Tuseme msichana ameandika: “Mama alihuzunika sana kwa sababu ya mvua.” Mwulizeni, ulijuaje amehuzunika? Alifanya nini? Akifikiri kidogo ataweza kusema: “Omena ilinyeshewa kabla haijakauka. Mama hakusema kitu. Alianza kuigeuza kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka giza.” Hakuna neno gumu hapo, lakini sasa tunamwona huyo mama. Kazi ya mtu mzima ni hiyo ya kuuliza: kulikuwa na harufu gani? Nani alisema nini? Ulikuwa umesimama wapi? Kalamu nyekundu ikae mfukoni kwanza. Tahajia itarekebishwa baadaye, siku nyingine kabisa, kwa maana kijana akisahihishwa kila mstari huanza kuandika yale tu asiyoweza kukosea.

Lugha nayo isiwe kizuizi. Vijana wetu nyumbani huongea Dholuo, shuleni Kiingereza na Kiswahili, na wakiwa wenyewe huchanganya zote na Sheng juu yake. Waacheni waanze na ile inayowajia. Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na kukulia Asembo, aliandika kwa Kiingereza kitabu chake cha The Promised Land, kilichotoka mwaka 1966. Kinasimulia juu ya mume na mke waliohama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, habari ambayo sisi tunaokaa karibu na mpaka hatuhitaji kuelezwa. Na mwaka 1983 akatoa Miaha, kwa Dholuo. Mtu huyo alisomea uuguzi. Hakungoja kuwa profesa.

Pa kuanzia pazuri ni masimulizi ya mdomo. Wazee wanakumbuka siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala na kusikiliza sigana. Siku hizi siwindhe hakuna, lakini bibi wapo. Mwalikeni mmoja awasimulie Nyamgondho mwana wa Ombare, yule mvuvi maskini wa Gwassi ambaye siku moja alivua bibi kizee badala ya samaki. Alimpeleka nyumbani, mali ikaja, ng'ombe wakajaa boma. Baadaye Nyamgondho akalewa na kumtukana yule mama. Mama akaondoka kurudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata. Yeye, husimuliwa, akageuka mti kule Nyandiwa.

Hadithi ikiisha, msiwaulize vijana mafunzo yake! Wataje wao nani mwingine alikuwepo. Mmoja aandike kama mchungaji aliyeona zizi zima likitembea mbele ya macho yake. Mwingine aandike kama yule mama, usiku, anaposikia mlevi anakuja njiani. Zoezi hili lina faida ambayo haionekani haraka. Kijana mwenye aibu, ambaye hawezi kusema “baba yangu hulewa”, anaweza kuyasema yote kwa kinywa cha bibi wa ziwani.

Hapo ndipo kikundi lazima kiwe tayari kabla ya kununua hata daftari moja. Kijana akipewa nafasi ya kuandika kweli, anaweza kuandika juu ya njaa, au ndugu aliyezama, au mambo ya jaboya, pale mvuvi anapomtaka mwanamke kimapenzi ndipo ampe samaki wa kuuza. Binti anaweza kuandika kwamba ametakwa yeye. Kwa hiyo wekeni masharti mapema. Daftari ni la kijana mwenyewe, na lifungiwe mahali. Hakuna kusoma kwa sauti bila ruhusa yake, hata kama maandishi ni mazuri ajabu, na hata kama mfadhili amekuja kutembelea. Wala kisilazimishwe kila kitu kuwa kweli, maana hadithi ni hadithi, na mzazi asikimbie kumhoji mtoto kwa kila mstari.

Lakini maandishi yakionyesha kwamba mtoto anaumizwa au yuko hatarini, hiyo si siri ya kikundi tena. Mwambieni tangu siku ya kwanza kwamba jambo la namna hiyo litafikishwa kwa mtu wa kumsaidia. Chagueni mama mmoja au wawili wanaoaminika ndio wazungumze naye faraghani. Ofisi ya watoto ya serikali ipo kwa kazi hiyo, na simu namba 116 hupokea habari za watoto usiku na mchana bila malipo. Msijaribu kulimaliza kwa kikao cha wazee na faini ya mbuzi. Kumtendea mtoto hivyo ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006.

Vifaa ni vichache: daftari, kalamu, mahali penye kivuli, saa moja kwa wiki. Vijana 10 wanatosha. Mtu mzima anayeongoza naye aandike pamoja nao, asikae tu akitazama saa. Usiku wa mbalamwezi, wakati mashua za omena nyingi hazitoki, ndio wakati mzuri wa kuwapata vijana wa kiume.

Ya kujadili kikundini: Ni nani kati yetu anayejua kusikiliza bila kukatiza? Bibi gani tutamwalika kwanza? Na kama binti akiandika juu ya mtu mwenye mashua ambaye ni mwanakikundi mwenzetu, tutafanya nini?