SOMO LA MWEZI: KIJANA NA MCHEZO WA SIMU



Mwezi huu tujifunze jambo linalowasumbua wazazi wengi, yaani kijana asiyeweza kuacha michezo ya simu. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi mjukuu wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alihamia kwangu. Usiku alicheza simu chini ya shuka mpaka jogoo awike. Nami, niliyefundisha walimu miaka mingi, nilimnyang'anya simu nikaifungia kabatini, nikadhani kazi imekwisha. Kijana akaacha kula, akaacha hata kuzungumza. Ndipo nilipotambua kuwa nimetoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Basi nikaketi kusoma, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Ugonjwa wenyewe ni upi?
Mwezi Mei 2019 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika Januari 2022. Ndani yake umo uraibu wa michezo ya kompyuta na simu. Dalili ni tatu: mtu hushindwa kujizuia, mchezo hutangulia mambo mengine ya maisha, naye huendelea kucheza ingawa anaona madhara. Tena hali hiyo iwe imeharibu kweli masomo, kazi au maisha ya nyumbani, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12. Angalieni, saa za kucheza hazikutajwa. Kijana achezaye sana wakati wa likizo, lakini akiitwa mezani anakuja, na shule zikifunguliwa anasoma, huyo si mgonjwa. Tusimpe jina baya.

2. Mbona ni vigumu kuacha?
Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alifanya majaribio na njiwa. Njiwa alidonoa kitufe ili apate nafaka. Nafaka ilipotoka bila hesabu ya kutabirika, mara baada ya kudonoa kidogo, mara baada ya kudonoa sana, njiwa alidonoa kwa bidii bila kuchoka. Michezo mingi ya leo ina zawadi za namna hiyo: hujui itatoka lini, basi unajaribu tena. Tena sehemu ya ubongo inayosaidia kujizuia huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kwa hiyo kijana ashindwapo kuacha, tusiseme upesi kwamba ni ukaidi tu.

3. Je, kukataza kwatosha?
Mwaka 2011 Korea Kusini iliweka sheria kuwa mtoto aliye chini ya miaka 16 asicheze michezo ya kompyuta kwenye intaneti kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Lakini vijana walizidi kuhamia michezo ya simu, ambayo sheria haikuigusa. Mwaka 2021 iliamuliwa sheria hiyo ifutwe, na jambo la saa za kucheza likaachiwa wazazi na watoto wapatane. Mlango mmoja ukifungwa, mtoto hutafuta mwingine.

4. Nyuma ya mchezo kuna nini?
Watafiti wengi wamekuta kwamba uraibu huu huandamana na huzuni, wasiwasi na upweke. Mara mchezo huleta huzuni, mara huzuni humpeleka mtoto mchezoni. Hatuna budi kuuliza.

Nami niliuliza, nimechelewa. Kijana akanijibu, "Babu, shuleni hakuna anayenijua. Mle mchezoni wananijua." Nilinyamaza. Nilikuwa nimefungia kabatini marafiki wake wote.

Tulipatana. Simu ilirudi, ila usiku hulala chumbani kwangu. Jioni nami huketi naye, anifundishe mchezo wake. Hunifunga kila siku. Jumamosi huenda uwanjani kucheza mpira na vijana wa mtaani. Hatujafika mwisho, lakini anakula, na anazungumza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
(a) Je, mtoto wetu anaweza kuacha akiitwa?
(b) Ni jambo gani alilolipenda zamani ambalo sasa ameliacha?
(c) Mara ya mwisho tulimwuliza lini habari za rafiki zake?

Dalili zile tatu zikionekana na kudumu, msimfiche mtoto. Mpelekeni hospitali, akaonwe na mtaalamu wa afya ya akili.