Methadoni, Dhamana na Safari ya Mwanza: Maswali ya Familia za Ngara na Biharamulo

Methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aachane na heroini, ipo nchini, serikali huitoa bure, na inasaidia kweli. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na baadaye huduma ikasambaa Dar es Salaam na mikoani. Kwa familia ya Rulenge, Kabanga, Lusahunga au Nyakanazi, kikwazo ni kwamba dawa hii hunywewa kituoni kila siku ya Mungu, na kituo kinachojulikana zaidi Kanda ya Ziwa kiko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure, Mwanza, zaidi ya kilomita 300 kutoka Ngara mjini. Kijana akiwa na kesi mahakamani, mambo huwa magumu zaidi. Hospitali inamtaka awepo Mwanza kila asubuhi, na mahakama inamtaka asitoke wilayani. Maswali yaliyo hapa chini mengi yanazaliwa na mvutano huo.

Je, kwetu kuna mahakama inayosimamia tiba ya uraibu?

Mahakama maalumu ya aina hiyo hatuna. Marekani wanazo tangu 1989, ya kwanza ikiwa Miami: mshtakiwa anaingia kwenye tiba, anapimwa mkojo mara kwa mara, na jaji yuleyule anamwita kila baada ya muda mfupi kuuliza maendeleo yake. Kwetu kesi inasikilizwa mahakama ya kawaida, ya wilaya au ya hakimu mkazi, na tiba inatolewa na hospitali. Kuziunganisha hizo mbili kunabaki kuwa kazi ya mshtakiwa, ndugu zake, wakili na afisa probesheni.

Hiyo haina maana kwamba mikono ya hakimu imefungwa. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inatenganisha biashara ya dawa na kosa la kupatikana na kiasi kidogo au la kutumia. Kwa biashara, adhabu inafika miaka 30 jela, na kiasi kikiwa kikubwa, kifungo cha maisha. Huko nafasi ya kuzungumzia tiba badala ya gereza ni finyu mno. Kwa makosa madogo, pale sheria inaporuhusu, hakimu anaweza kumwachia mtu kwa masharti au kumweka chini ya uangalizi wa afisa probesheni. Uangalizi huo hautolewi kwa kulazimishwa. Mahakama humweleza mhusika masharti kwa lugha anayoielewa, naye aseme kama yuko tayari.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuisoma hati ya mashtaka. Siyo mliyoyasikia kituo cha polisi, wala aliyoyasema jirani. Hati yenyewe. Wapo vijana wanaobeba kete za unga, yaani heroini, za mtu mwingine ili wapate ya kwao ya kutulizia arosto, maumivu ya kuikosa. Mama wa kijana wa namna hiyo atasema mwanangu ni mgonjwa, na ni kweli ni mgonjwa, lakini sheria inaweza kumwona mfanyabiashara. Familia ikikosea hapo, itapeleka cheti cha hospitali mahali palipohitaji wakili.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili aulize msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Mwulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri nani anafanya kazi hiyo wilayani kwenu.

Amepata dhamana. Anaweza kwenda Mwanza kuanza dawa?

Asiondoke kimyakimya. Masharti ya dhamana kwa kawaida humfunga mshtakiwa kwenye eneo anakoishi, na mara nyingi hutakiwa kuripoti polisi siku fulani. Akipanda basi Nyakanazi bila ruhusa, hata kama anakwenda hospitali kwa nia njema kabisa, kwenye jalada ataonekana amevunja masharti. Hati ya kukamatwa itatolewa, na wadhamini, ambao huwa ni mjomba na mwenye duka la mtaani, wataitwa kujieleza.

Njia iliyo salama ni kuiomba mahakama ibadilishe masharti. Ombi hilo husikilizwa vizuri likiwa na mambo ya kushikika: barua ya kituo cha tiba inayosema mgonjwa amepokelewa au anasubiriwa, jina la ndugu atakayeishi naye Mwanza na mtaa anaokaa huyo ndugu, na pendekezo kwamba aripoti kituo cha polisi cha hukohuko badala ya Ngara au Biharamulo. Tarehe za kesi zipangwe na zijulikane mapema. Mtu wa methadoni akiitwa mahakamani Ngara kila baada ya siku 14, safari ya kwenda na kurudi humkosesha dozi kila mara. Mweleze hakimu hivyo, waziwazi, na kituo cha tiba nacho kielezwe mapema ili waseme dozi za siku hizo zitashughulikiwaje.

Nitasema ninavyoamini. Amri au sharti la tiba lisilojibu swali la mtu atalala wapi, atakula nini na nani atamwamsha asubuhi, linamtega mgonjwa aanguke. Atakosa siku mbili, tatu, kisha itaandikwa kwamba alipewa nafasi akaichezea. Familia zikae na suala la malazi kabla ya suala la hospitali. Kijana aliyetoka arosto jana hawezi kupanga chumba mji asioujua, na wenyeji wa kwanza atakaowapata peke yake ni wa maskani ya watumiaji wa unga.

Hiyo dawa inatolewaje?

Ni dawa ya maji ya kunywa. Mgonjwa anafika dirishani, anatambuliwa, anapimiwa dozi yake kwenye kikombe kidogo, anakunywa mbele ya mhudumu, anashushia maji, kisha anaongea neno moja mawili ili ionekane amemeza. Basi, anaondoka zake. Dozi moja humtuliza kwa siku nzima au zaidi, tofauti na heroini ambayo baada ya saa chache mwili huanza tena kudai: kuhara, viungo kuuma, kamasi, jasho la baridi, kukosa usingizi.

Huanza na dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Wiki za kwanza ndizo za hatari, kwa kuwa dawa hujilimbikiza mwilini na mgonjwa asiyeona nafuu haraka anaweza kuongezea unga, pombe au vidonge vya usingizi. Vikichanganyika, pumzi hupungua mpaka ikakatika. Ndugu anayeishi naye azijue dalili: anakoroma isivyo kawaida, haamki akitikiswa, midomo inageuka rangi, anapumua mara chache. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali, hata kama ni usiku. Huko ipo naloksoni, dawa inayorudisha pumzi.

Akikosa siku tatu au zaidi mfululizo, asirudi na kudai dozi yake ya zamani. Mwili umeshapunguza uzoefu, na dozi iliyomfaa wiki iliyopita inaweza kumuua. Aseme ukweli dirishani, daktari atampangia upya.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu huduma zetu zinatolewa sehemu tofauti. Mtu anaweza kuwa anatibiwa kifua kikuu katika hospitali ya Murugwanza au Biharamulo na kuchukua methadoni Mwanza. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huipunguza nguvu methadoni mwilini. Mgonjwa ataanza kusikia arosto akidhani anadanganywa dozi, na wengi hukimbilia unga hapo. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo hufanya hivyo. Kila kliniki ijue anachotumia kwingine. Dozi inaweza kuongezwa na shida ikaisha.

Mwanangu anavuta bhangi na kunywa gongo. Nimpeleke huko?

Hapana. Methadoni ni ya uraibu wa heroini na jamii yake ya afyuni, haitibu bhangi, mirungi, kokeini wala pombe. Usile nauli ya Mwanza bure. Anza na hospitali ya wilaya na uulize huduma ya afya ya akili. Tramadoli iko kwenye jamii hiyo ya afyuni, kwa hiyo anayeimeza kila siku bila kuandikiwa naye aonwe na daktari. Asiiache ghafla.

Lakini si ni kumwondolea ulevi mmoja na kumpa mwingine?

Swali hili huulizwa msikitini, kanisani, na hata na baadhi ya watu wa sheria, na wanaouliza wengi wanampenda kijana. Nalijibu kwa kumtazama mtu mwenyewe. Aliye kwenye unga anaamka akitafuta hela ya kete, na ataipata kwa njia yoyote. Akijidunga kwa sindano iliyopita mikononi mwa wenzake, virusi vya UKIMWI na homa ya ini viko jirani. Mtu yuleyule akitulia kwenye dozi sahihi ya methadoni halewi. Anaweza kuendesha genge la nyanya, kulima, kulea watoto. Anategemea dawa, ndiyo, kama mgonjwa wa kisukari anavyotegemea insulini.

Kwa hiyo anayemshauri hakimu aweke sharti la kuacha na methadoni pia ndani ya miezi mitatu, ili ionekane amepona kabisa, anampeleka pabaya. Wengi huhitaji mwaka na zaidi, wengine miaka mingi, na kupunguza hufanywa polepole na daktari. Mama mjamzito ndiye asiyepaswa kabisa kukatishwa ghafla. Arosto kali inahatarisha mimba, na methadoni chini ya daktari ni salama zaidi kwake na kwa mtoto.

Akiwekwa rumande au akifungwa?

Siku ya kwanza tu mwambie askari wa zamu na afisa wa gereza kwamba anatumia methadoni, na kituo chake ni kipi. Gereza la Segerea, Dar es Salaam, lina kliniki ya methadoni ndani. Kwingine ndugu na wakili wanalazimika kuomba apelekwe au apewe huduma nyingine. Msikae kimya mkiona aibu.

Hatari kubwa zaidi iko siku ya kutoka. Miezi ya gerezani bila unga huushusha uwezo wa mwili, na kiasi alichokizoea zamani kinamtosha kufa. Wiki mbili za mwanzo asiachwe peke yake. Mpokeeni nyumbani, na tarehe ya kituo cha tiba iwe imeshapangwa kabla geti halijafunguliwa.

Kituo kitapeleka habari zake polisi?

Kwenda kutibiwa siyo kukiri kosa mahakamani, na faili la mgonjwa ni siri ya hospitali. Mahakama ikihitaji kuona maendeleo, mgonjwa mwenyewe huomba barua inayoeleza tangu lini anahudhuria na anahudhuria vipi. Barua hiyo haifuti shtaka. Inampa hakimu kitu cha kuangalia anapopima adhabu, na mahudhurio ya miezi sita yaliyoandikwa na muuguzi yana uzito kuliko machozi ya siku ya hukumu. Ila asiingie kituoni na kete mfukoni. Hapo hakuna barua itakayomwokoa.

Ndugu yetu yuko Marekani na amepewa mahakama ya tiba. Akubali?

Swali hili lina wenyewe hapa. Wapo wakimbizi Warundi wa mwaka 1972 waliohamishiwa Marekani kutoka makambi ya Tanzania, likiwemo la Lukole wilayani Ngara, na watoto wao wamekulia huko, kwenye nchi iliyoumizwa vibaya na dawa za afyuni. Kwa aliye raia, mpango huo mara nyingi ni nafuu kuliko jela. Kwa asiye raia kuna mtego: mipango mingi humtaka akiri kosa kwanza, na kwa sheria ya uhamiaji kukiri huko kunaweza kuhesabiwa kuwa hatia hata kesi ikifutwa baadaye. Anaweza kumaliza tiba vizuri na bado akafukuzwa nchini. Kabla ya kutia saini aonane na wakili wa uhamiaji, siyo wa jinai peke yake. Na akiambiwa achague kati ya methadoni na mpango wa mahakama, ajue kuwa Aprili 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa mwongozo unaosema kumzuia mtu dawa aliyoandikiwa kihalali kwa uraibu wa afyuni kunaweza kuwa ubaguzi kwa mujibu wa sheria ya watu wenye ulemavu.

Nianzie wapi?

Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, au nenda hospitali ya wilaya na umwombe daktari barua ya rufaa. Uliza kwanza kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bukoba au nyingine ya karibu imeanza kutoa huduma, kwa sababu vituo vinaongezwa. Beba kitambulisho chake au barua ya mtendaji wa kijiji, kadi za dawa nyingine anazotumia, na nakala ya masharti ya dhamana kama ana kesi. Kama ni Mwanza, siku hizi basi linavuka Busisi kwa daraja badala ya kusubiri kivuko, lakini bado ni safari ya siku nzima. Fika siku moja kabla ya miadi. Vipimo na mahojiano ya kumpokea hufanyika mchana, na atakapoanza dawa ndugu mmoja abaki naye kwa wiki hizo za mwanzo.